MTOTO MGONJWA ANAPOKUWA MTU MZIMA



Kila askari anajua kwamba vita havimaliziki siku adui anapokimbia. Hubaki majeruhi, na majeruhi hao huhitaji kutunzwa miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Jambo hilo ni kweli pia katika vita dhidi ya maradhi. Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Kitgum, Pader, Lamwo na jirani zake, vimepiganwa vita vikali dhidi ya ugonjwa wa kusinzia kichwa, ambao wananchi wa Acholi huuita luc luc. Vita hivyo vimeleta ushindi mkubwa, kwa maana tangu mwaka 2013 hivi watoto wapya wanaopatwa na ugonjwa huo wamekuwa adimu kabisa. Lakini majeruhi wake wapo. Walikuwa watoto wadogo; leo ni vijana watu wazima. Na wazazi wao, ambao wanazidi kuzeeka, bado wanabisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine wakitafuta msaada.

Mazungumzo haya yanaeleza jinsi hali hiyo ilivyotokea, ni msaada gani unaoweza kupatikana, na kwa nini jambo hili linawahusu sana watu waliovaa sare.

Ugonjwa wenyewe si wa Uganda peke yake. Katika miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, aliyezaliwa Norway, alieleza habari za watoto wa Mahenge, kusini mwa Tanzania, ambao vichwa vyao vilikuwa vikianguka mbele mara kwa mara kama mtu aliyezidiwa na usingizi, na baadaye wakapatwa na kifafa kamili. Katika miaka ya 1990 habari kama hizo zilitoka katika jimbo la Ekuatoria Magharibi, sehemu ambayo sasa ni ya Sudan Kusini. Kaskazini mwa Uganda ugonjwa ulionekana kwa wingi wakati ambapo wananchi walikuwa wamejazana katika kambi za wakimbizi wa ndani, kutokana na vita vya kundi la Lord's Resistance Army. Vita hivyo vilikuwa vimewatoa majumbani mwao watu wapatao milioni moja na laki nane. Mapigano yaliposimamishwa mwezi wa Agosti 2006, na watu wakaanza kurudi vijijini, wengi walirudi na watoto wagonjwa.

Mwishoni mwa mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Uganda, ikishirikiana na wataalamu kutoka Marekani, ilianza uchunguzi rasmi wilayani Kitgum. Kufikia mwaka 2012, hesabu zilizotangazwa zilitaja watoto zaidi ya 3,000.

Uchunguzi ulithibitisha kwamba kule kusinzia si usingizi, si ukaidi, wala si pepo. Ni aina ya kifafa. Umeme wa ubongo huvurugika, misuli ya shingo hulegea ghafla, na kichwa huanguka mara kadhaa katika dakika moja. Mara nyingi mtoto huanza kusinzia hivyo anapoletewa chakula, au anapopigwa na baridi. Ugonjwa huanza zaidi kati ya umri wa miaka 5 na 15. Baada ya muda mtoto huanza kuanguka na kutetemeka mwili mzima, masomo humshinda, mwili hudumaa, na akili hufifia.

Kuhusu chanzo, ushahidi mwingi unaelekeza kwenye ugonjwa wa usubi, ule ule unaoleta upofu. Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi, kama Aswa na Pager. Inzi akimwuma mtu humwachia vijidudu vya minyoo. Kila mahali ugonjwa wa kusinzia kichwa ulipoenea, usubi nao ulikuwa umeenea, na wanaosinzia huonekana kuwa na minyoo hiyo kuliko wenzao. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa njia gani hasa minyoo inaudhuru ubongo, lakini hawajadiliani juu ya kinga. Uganda ilianza kugawa dawa ya ivermectin mara mbili kwa mwaka katika wilaya hizo, na kutia dawa mitoni ili kuua viluwiluwi vya inzi. Wanavijiji nao walionyeshwa jinsi ya kufyeka majani na matawi yaliyomo ndani ya maji, ambako inzi hao hutaga. Ndipo wagonjwa wapya walipokoma.

Hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo penye ushindi. Sasa na tuwatazame majeruhi.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 8 mwaka 2009 alitimiza miaka 18 mwaka 2019. Vituo maalumu vya matibabu vilivyofunguliwa mwezi wa Machi 2012 vilimkuta akiwa mtoto, na misaada mingi ilipangwa kwa ajili ya mtoto: uji wa lishe, darasa maalumu, kliniki ya watoto. Huko Odek, katika sehemu ambayo sasa ni wilaya ya Omoro, palikuwa na kituo cha hisani kilichofunguliwa mwaka 2012, ambacho kiliwapa watoto hao chakula, dawa na masomo kila siku. Wengi walipata nafuu. Wengine walirudia kusoma na kucheza. Mwaka 2017 kituo hicho kilifungwa kwa sababu ya upungufu wa fedha, na watoto wakarudi nyumbani.

Dawa za kifafa zinaweza kupunguza sana mianguko, lakini haziwezi kurudisha miaka ya shule iliyopotea. Kijana mwenye mwili wa mtu mzima anaweza kuwa na fahamu za mtoto wa miaka saba. Wengine hupatwa na huzuni nzito. Wengine hukasirika ghafla na kupiga watu. Wengine husikia sauti zisizokuwapo. Wengine huondoka nyumbani na kutokomea porini. Kila mwaka wako wanaotumbukia motoni au mtoni na kupoteza maisha.

Ndiyo maana wageni waliofika katika vijiji hivyo walishtuka kukuta mama amemfunga mwanawe kamba mtini. Wako waliolaani kitendo hicho kabla ya kuuliza sababu. Mama huyo ana shamba la kulima, na asipolima nyumba nzima italala njaa. Akimwacha kijana huru, huenda akarudi jioni na kumkuta ameungua. Alipokuwa na miaka minane, mama aliweza kumbeba mgongoni akaenda naye. Sasa ana miaka ishirini na zaidi, na nguvu zake zinamshinda mama. Kamba ni jambo baya, na humwachia kijana vidonda vya mwili na vya moyo. Lakini kamba ile ni dalili ya kwamba mama ameachwa peke yake.

Kwa wasichana hatari ni kubwa zaidi. Wako walionajisiwa walipokuwa wakizurura au walipoachwa nyumbani, wakapata mimba wasizoweza hata kuzieleza. Bibi aliyekuwa anatunza mgonjwa mmoja hujikuta anatunza wawili, mama na mtoto wake.

Ifahamike kwamba mzigo huu hauko Acholi tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa ulimwenguni, na karibu asilimia 80 wako katika nchi zenye mapato madogo na ya kati. Shirika hilo linasema pia kuwa hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila ya kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Aidha, magonjwa mazito ya akili, ambayo humfanya mtu asikie sauti au adhani anafuatwa na maadui, huanza zaidi kati ya mwisho wa ujana na umri wa miaka 25 hivi. Hakuna kambi ya jeshi wala mtaa wa polisi ambao haujapata kuwa na familia yenye kijana wa namna hiyo. Askari wengi ni wazazi wake, na wengi huficha kwa sababu ya aibu.

Je, mzazi aende wapi?

Hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu. Dawa za kawaida za kifafa ziko katika orodha ya dawa muhimu za taifa, na mhudumu aliyefundishwa anaweza kuanza matibabu bila ya kumpeleka mgonjwa Kampala. Penye matatizo ya akili pamoja na kifafa, mgonjwa apelekwe kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali ya Gulu, kwa mfano, ina kitengo cha afya ya akili ambacho kimewahudumia wagonjwa wa kusinzia kichwa kwa miaka mingi. Hospitali ya Butabika mjini Kampala, iliyofunguliwa mwaka 1955, ndiyo ya rufaa ya taifa, na inafaa kwa yale yaliyoshindikana mikoani.

Mzazi asiende mikono mitupu. Achukue daftari ambalo ameandika siku na saa za kila mwanguko, ulichukua muda gani, kijana alikula dawa au hakula, na tabia gani mpya imeonekana. Daftari la senti chache humwongoza tabibu kuliko maneno mengi. Na mzazi ajue kanuni moja isiyovunjwa: dawa ya kifafa haikatizwi ghafla. Wengi huacha wanapoona nafuu, au dawa inapokwisha kituoni. Hapo mianguko hurudi kwa nguvu, pengine mmoja juu ya mwingine bila ya kupumzika, na hali hiyo huua. Kwa hiyo mtu arudi kituoni siku kadhaa kabla ya kumaliza vidonge, ili kama hakuna, pawe na wakati wa kuvitafuta kwingine.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa wasichana hawana budi kulijua. Dawa ya valproate, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi kwa watoto wanaosinzia kichwa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Katika kila watoto 10 wanaozaliwa na mama aliyetumia dawa hiyo, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya viungo, na watatu au wanne huchelewa kukua kiakili. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kuwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasianzishiwe dawa hiyo. Dawa iliyomfaa msichana akiwa na miaka tisa yapasa ijadiliwe upya anapokuwa mwanamke. Asiiache mwenyewe, amwone tabibu ambadilishie taratibu.

Msaada wa matibabu peke yake hautoshi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inawahusu pia wenye ulemavu wa akili, na serikali ina ruzuku maalumu inayotolewa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu ili waanzishe miradi. Katika mpango wa maendeleo ya parokia uliozinduliwa mwaka 2022, asilimia 10 ya fedha ilitengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Fedha hizo hazimfuati mtu nyumbani. Mzazi amwone afisa maendeleo wa tarafa, aandikishe jina la kijana wake, na ajiunge na wazazi wenzake. Wazazi kumi waliokubaliana kushika zamu, leo huyu awalinde vijana na wenzake walime, kesho yule, wameondoa kamba nyingi kuliko hotuba.

Sasa, ndugu wasikilizaji, ni zamu ya askari mwenyewe.

Katika maeneo mengi, mtu wa kwanza wa serikali kukutana na kijana mgonjwa si daktari. Ni konstebo wa doria, au mwanajeshi aliye kizuizini barabarani usiku. Anamwona mtu anayepepesuka, hajibu anapoulizwa, hatii amri ya kusimama. Ni rahisi kudhani kuwa ni mlevi, mwizi au mkaidi. Kumbe huenda ametoka tu kuanguka kifafa. Baada ya mwanguko, mtu huchanganyikiwa kwa dakika kadhaa, na pengine kwa saa nzima. Hasikii vizuri, hajui yuko wapi. Akishikwa kwa nguvu hujitupa na kupigana, si kwa chuki, bali kwa hofu ya mwili usiojitambua. Askari asiyejua jambo hili atampiga mgonjwa. Askari anayejua atasimama hatua mbili mbali, atasema naye kwa sauti ya chini, ataondoa watu waliomzunguka, na atangoja.

Mtu akianguka mbele ya askari, utaratibu ni mfupi. Aondolewe penye moto, maji au gari. Awekewe kitu laini chini ya kichwa. Alegezwe nguo za shingoni. Alazwe ubavu mate yatoke. Asitiwe kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Wala asifungwe kamba kuzuia mtetemeko. Askari atazame saa: ukipita muda wa dakika 5 mwanguko haujakoma, au ukifuata mwingine kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja. Na imani ya kwamba povu la mgonjwa huambukiza kifafa ni ya uongo, nayo imewaua watu wengi walioachwa motoni kwa sababu wenzao waliogopa kuwagusa.

Kijana akiwa tayari kituoni, ofisa wa zamu aulize maswali mawili: Je, anatumia dawa gani? Na nani wa kwao aitwe? Usiku mmoja mahabusu bila ya dawa unaweza kumletea mianguko mfululizo, na akafa mikononi mwa serikali. Aliyevurugikiwa na akili bila ya kutenda kosa, mahali pake ni kituo cha afya. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua mahali pa sheria iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni, imekusudia mgonjwa atibiwe kwa heshima na haki zake zilindwe.

Vivyo hivyo katika kesi za wasichana. Sheria ya jinai ya Uganda ina kifungu kinachomwadhibu mwanamume anayemwingilia mwanamke huku akijua kuwa ana ulemavu wa akili. Mara nyingi kesi hizi hufa kwa sababu msichana hawezi kueleza vizuri, au kwa sababu wazee wa pande mbili wamepatana kwa mbuzi. Polisi asikubali. Msichana apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, maana ushahidi wa mwili husema pale ulimi unaposhindwa.

Na anapomkuta mzazi aliyemfunga mwanawe kamba, askari asianze na pingu. Ayaondoe maisha ya kijana katika hatari kwanza, kisha aulize dawa ziliisha lini, na awakutanishe wazazi na mwenyekiti wa kijiji, mhudumu wa afya na afisa maendeleo. Yule anayemtesa mgonjwa kwa ukatili achukuliwe hatua. Lakini mama aliyechoka apate wa kumpokea mzigo, la sivyo kamba itarudi mtini mara gari la polisi linapoondoka.

Mwisho ni habari ya askari ambaye ni mzazi. Uhamisho ni sehemu ya kazi, na amri haingoji. Hata hivyo, kabla ya kuondoka, baba au mama mwenye kijana mgonjwa achukue barua ya rufaa yenye jina la ugonjwa, dawa na vipimo vyake, pamoja na dawa za kutosha safari na wiki za kwanza. Amweleze mkuu wake wa kazi mapema. Mkuu mwenye busara anajua kwamba askari ambaye moyo wake uko nyumbani, akihofia mwanawe ametumbukia kisimani, hawezi kulinda daraja sawasawa. Na wenzake mtaani wasimcheke wala wasiwazuie watoto wao kucheza na yule kijana. Ugonjwa wa ubongo ni ugonjwa kama malaria. Haukuletwa na laana, na haumpunguzii mzazi cheo.

Ndugu wasikilizaji, mito ya Aswa na Pager bado inapita, na inzi watarudi kama ugawaji wa dawa ukilegea, kwa kuwa minyoo iliyokomaa huishi mwilini miaka mingi. Kwa hiyo kinga lazima iendelee. Pamoja na hiyo kinga, wale waliougua kabla haijafika hawana kosa kwamba wamekuwa wakubwa. Walipokuwa wadogo walionewa huruma. Sasa wamekuwa watu wazima, wanastahili haki. Mzazi anayekuja kituoni usiku kutoa habari kwamba kijana wake mgonjwa ametoweka, apokelewe kama vile angepokelewa mtu aliyeibiwa mali yenye thamani kuliko zote alizo nazo. Doria ya kumtafuta ianze usiku huo huo, kabla hajafika mtoni.